Ukuta wa Fahari

Nchi ya Fanaka ipo, na mwenye shaka aende mpakani akaulize; atapewa mahali pa kukaa hadi shaka imtoke. Ni nchi yenye bahati. Kwingineko Wizara ya Mambo ya Ndani huhangaika na polisi na magereza. Fanaka nayo ilianza hivyo hivyo, lakini asubuhi moja Mtukufu Kiongozi alichungulia dirishani Ikulu, akaona barabara zimenyamaza, hakuna anayelalamika wala anayekohoa bila sababu, akasema, "Nje tumemaliza. Sasa tuingie ndani." Tangu hapo Wizara ikashika mambo ya ndani yenyewe: rangi za kuta, mapazia, mpangilio wa makochi, na upande ambao mtu anaelekeza kichwa akilala. Wananchi walifurahi. Walitangaziwa redioni kwamba wamefurahi, na hakuna aliyepiga simu kukanusha.

Bi Leokadia alikuwa miongoni mwa waliofurahi. Alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana. Mumewe, Mzee Gervas, alikuwa mwamuzi wa mpira wa miguu hadi kiharusi kilipompiga na kumwachia kiti cha magurudumu, mkono mmoja wa kazi, na ulimi mzito ambao maneno yaliutoka yakiwa yamepondeka. Kwa hiyo alivaa shingoni filimbi yake ya zamani. Akipuliza mara moja, anataka maji. Akipuliza mara mbili, anataka kupelekwa msalani. Akipuliza kwa kuvuta, bila kukata, hataki kitu. Anamtaka mkewe aje akae karibu, basi.

Waliuza shamba lao wakanunua flati kuukuu ghorofa ya pili katika Jengo la Mshikamano, kutoka kwa familia iliyokuwa na haraka ya kuhama. Flati ilikuwa imechoka. Jiko lilikuwa jeusi kwa moshi wa wapishi waliotangulia, sakafu ya terazo ilikuwa na mipasuko, na vioo vya luva vilikosekana kimoja hapa kimoja pale kama meno ya mzee. Bi Leokadia hayo hakuyatazama. Aliitazama roshani. Ilielekea uwanja wa mpira, karibu kabisa, hata mtu aliweza kusikia wachezaji wakitukanana.

"Hapa," alimwambia mumewe, "utachezesha mechi zote ukiwa umekaa."

Mzee Gervas alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, upande uliobaki.

Tatizo likawa mlango wa chumbani. Ulikuwa mwembamba; kiti cha magurudumu kilifika hapo kikakwama. Kumtoa mzee ilibidi abebwe mgongoni, na mgongo wa Bi Leokadia ulikuwa umestaafu pamoja naye. Akamwita fundi Matei aje aupanue.

Fundi alipiga nyundo ya kwanza. Kabla vumbi halijatua, mtu alikuwa sebuleni.

"Hodi," alisema, akiwa ameshaingia. "Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

Alikuwa Bwana Hamdani Pwela, Afisa Mwonekano wa Ndani, mtu mwembamba, mpole, mwenye suti ya rangi ya krimu na sauti ya kufariji wafiwa.

"Nimesikia nyundo. Mnabomoa nini?"

"Mlango wa chumbani. Nataka upanuke."

"Upanuke?" Bwana Hamdani alitoa leso akajifuta paji la uso. "Kwani nani anataka kutoka?"

"Mume wangu."

"Anataka kutoka aende wapi?"

"Roshani, akatazame mpira."

"Hana redio?" Aliuliza kwa huruma ya kweli. "Nielewe, bi mkubwa. Mlango wako ukipanuka leo, kesho jirani atasema wake unambana. Mwishowe nchi nzima itakuwa milango mitupu, kuta hakuna. Na serikali itaegemea wapi?"

Fundi Matei alikuwa ameshaficha nyundo ndani ya shati. Ndipo Bwana Hamdani alipoanza kutazama huku na huku. Akaona jiko, akaona sakafu, akaona madirisha. Uso ukamchanua.

"Mbaya," alisema kwa furaha. "Mbaya sana! Sijapata kuona flati mbaya kama hii. Hongera, bi mkubwa."

Akamweleza kwamba Wizara ilikuwa ikitafuta makazi kuukuu ya mwananchi wa kawaida, ili iyakarabati kwa hisani ya serikali na Mtukufu Kiongozi aje kuyazindua mbele ya kamera. Kampeni iliitwa Ndani Mpya, Fikra Mpya. Ilikuwa imekwama kwa sababu wananchi, kila wakisikia maafisa wanakuja, walijipaka chokaa wenyewe usiku na mchana, na ubovu wa kuonyesha ukakosekana.

"Na mlango?" Bi Leokadia aliuliza.

"Mlango ni jambo dogo. Serikali ikishughulikia ndani mwako, utasahau hata kama kulikuwa na mlango."

Bi Leokadia alicheka. Alidhani anataniwa.

*

Wakaja wataalamu. Waling'oa sakafu ya terazo, wakaweka vigae vilivyochorwa vifanane na terazo. Walileta sinki zuri mno, zuri kiasi kwamba ilionekana bomba la maji litaliharibia sura, kwa hiyo halikufungwa. Dari lilishushwa ili kuweka taa, kisha likashushwa tena kuficha nyaya za taa, na jirani mmoja mrefu aliyekuja kusalimia ikabidi asalimie akiwa ameinama, jambo ambalo Bwana Hamdani alilipenda akaagiza libaki hivyo.

Rangi ilichaguliwa na kamati. Ilikuwa ya majivu, lakini jina lake rasmi lilikuwa Utulivu. Mjumbe mmoja alisahau akasema, "Hii si ya majivu hii?" Akahamishiwa mikoani, na mkewe akapewa dakika chache za kuchagua amfuate au ampe talaka.

Muda wote huo Bi Leokadia alipika ushorobani, kwenye jiko la mkaa, na Mzee Gervas alikaa chumbani, kwa kuwa chumba hicho hakikuwemo kwenye mchoro. Dirisha lake lilifungukia ushorobani, likiwa na nondo. Alipuliza filimbi yake, akaletewa maji, akangoja.

Siku moja Bi Leokadia alikwenda kuitazama roshani akakuta imezibwa. Mahali pa wazi pote palikuwa pamebandikwa picha kubwa ya uwanja wa mpira wenye nyasi za kijani kibichi na wachezaji waliovaa jezi safi.

"Bwana Hamdani, mbona mmeziba? Mume wangu ataona wapi mpira?"

"Si huo hapo? Uwanja ule wa nje una vipara, bi mkubwa, na vijana wanacheza vifua wazi mbele ya wageni. Huu hauna vumbi. Na timu yetu hapo haifungwi."

Alirudi chumbani, hakumwambia mumewe kitu. Alimnyoa ndevu, taratibu, akamwambia kazi inakaribia kwisha.

Kilichobaki kilikuwa ukuta wa sebule unaotazamana na mlango wa kuingilia. Huo ndio ulioitwa Ukuta wa Fahari, na ulitengewa picha ya Mtukufu Kiongozi kuanzia sakafuni hadi darini. Ilipobandikwa, mlango wa chumbani ukaangukia mdomoni. Wataalamu hawakuona ubaya. Wakakata karatasi kufuata mlango, wakarudi nyuma kutazama kazi yao. Dakika hiyo hiyo filimbi ililia mara mbili, Bi Leokadia akaingia, na baada ya kumhudumia mzee akafungua mlango, akatoka katika mdomo wa Mtukufu Kiongozi akiwa ameshika beseni la haja.

Wataalamu wawili walilala kifudifudi. Wa tatu akaanza kutaja majina ya wenzake.

Bwana Hamdani peke yake ndiye aliyebaki na akili. "Bi mkubwa," alisema kwa upole, "kesho uende Wizarani ukapimwe gauni. Mwenye nyumba lazima aendane na mapazia."

Akaenda. Alipimwa mabega, kiuno na urefu wa tabasamu. Aliporudi jioni, sebule ilikuwa nzuri ajabu, imetulia, na Ukuta wa Fahari ulikuwa mzima, laini, bila mlango wowote.

"Mume wangu yuko wapi?"

"Yupo," Bwana Hamdani alijibu. "Hajaondoka."

"Yupo wapi?"

"Chumbani kwake. Tulimuuliza kama ana pingamizi. Hakusema neno."

"Hawezi kusema!"

"Ndivyo tulivyoripoti. Hana la kusema."

Nyuma ya ukuta filimbi ikalia, ndefu, ya kuvuta. Bi Leokadia alikimbilia ushorobani akanyakua mchi wa kinu, akarudi nao ameuinua kwa mikono miwili. Bwana Hamdani hakupiga kelele wala hakumgusa.

"Hapo unapolenga, bi mkubwa, ni shavu la Mtukufu."

Akasogea kushoto.

"Hapo ni sikio."

Akashusha mchi chini kidogo.

"Hapo ni nishani. Ile ya ushujaa."

Wataalamu walikuwa wameshajibanza mbali naye, kila mmoja akitazama upande mwingine ili asije akaitwa shahidi. Bi Leokadia alitafuta kwa macho sehemu ya ukuta ambayo haikuwa Mtukufu Kiongozi, na haikuwepo. Mikono iliyowahi kuvuta watoto wengi kuja duniani ikashuka. Aliuweka mchi sakafuni polepole, usije ukavunja kigae. Jambo hilo la kigae ndilo lililomchoma baadaye kuliko yote.

"Ni mpaka sherehe ipite," Bwana Hamdani alimfariji. "Dirisha lipo. Atakula, atakunywa, atapumua. Ni wangapi katika nchi hii wana yote matatu?"

Bi Leokadia alikaa ushorobani kwenye kigoda, akapenyeza mkono kati ya nondo. Mzee Gervas aliushika kwa mkono wake mzima akaubana. Alijaribu kusema, neno likaja vipande vipande.

"Nya... nyu... mbani."

"Uko nyumbani, baba. Ni siku chache tu."

Alimpitishia kikombe, kijiko, kitambaa chenye maji. Kumwinua hakuweza. Kumgeuza hakuweza. Naye alikuwa amefanya kazi wodini maisha yake yote. Alijua mwili usiogeuzwa huwa unafanywa nini na kiti.

*

Sherehe ilifana. Mtukufu Kiongozi aliingia akiwa ameinamisha kichwa kwa sababu ya dari, na wote waliokuwa nyuma yake wakainama zaidi, hata wale wafupi. Waziri wa Mambo ya Ndani, Mheshimiwa Dakta Sifuni, aliomba ruhusa ya kumkaribisha, akaomba ruhusa ya kushukuru kwa kupewa ruhusa, kisha akampisha.

"Wananchi wenzangu," Mtukufu Kiongozi alisema, "wakoloni walituachia nyumba zenye ndani. Sisi leo tuna ndani yenye nyumba."

Waandishi waliandika haraka. Kabla hawajamaliza, filimbi ikalia nyuma ya ukuta, mara mbili.

Chumba kiliganda. Walinzi waliingiza mikono makotini. Mtukufu Kiongozi aligeuka taratibu akaitazama picha yake, naye Waziri Sifuni akamtazama Bwana Hamdani kama mtu anayemchagulia mwenzake sanda. Bwana Hamdani akapiga hatua moja mbele.

"Mtukufu, hiyo ni ishara ya makofi. Ubunifu wa Wizara. Ukuta wenyewe unatambua palipo na hekima."

Waziri akaanza kupiga makofi. Wote wakafuata. Mtukufu Kiongozi alingoja yaishe, akafikiri, akasema kwa majaribio, "Leo ni Jumanne."

Filimbi ikalia mara mbili. Makofi yakapasuka, watu wengine wakalia machozi.

Mzee Gervas alikuwa akiomba kupelekwa msalani. Kila alipoomba alipigiwa makofi, na kila alipopigiwa makofi alidhani hawajamsikia, akapuliza kwa nguvu zaidi. Hotuba ya siku hiyo ilivunja rekodi zote za kushangiliwa.

Bi Leokadia alikuwa amesimamishwa kando ya pazia. Gauni lake lilikuwa limeendana nalo barabara, kiasi kwamba kamera hazikumwona.

"Na mwenye nyumba yuko wapi?" Mtukufu Kiongozi aliuliza.

"Mimi hapa," pazia likasema, na Bi Leokadia akajitokeza. Mkono mnene, wenye manukato, ukashika wa kwake.

"Umefurahi, mama?"

Alikuwa amelifanyia mazoezi jibu hilo tangu alfajiri. Akavuta pumzi. "Mtukufu, nakuomba, nyuma ya ukuta huu yupo mume wangu, mgonjwa, wamemzi..."

Filimbi ikalia. Makofi yakaangukia juu ya maneno yake kama mvua ya mawe juu ya bati. Mtukufu Kiongozi aliona midomo yake ikicheza na machozi yakimtoka, akaguswa sana na furaha ile, akampigapiga begani. Makofi yalipokwisha, alikuwa ameshafika ngazini.

Kabla ya kuingia garini alitoa tamko: ukuta ule ni mali ya taifa, na mtu asiuguse hata kwa ufagio.

*

Basi Mzee Gervas akaingia katika mali za Wizara kama kifaa cha kuhamasisha makofi. Wakaanza kuletwa wanafunzi, vyama vya ushirika na mabalozi. Waziri Sifuni alikuja kufanyia hotuba zake mazoezi. Bwana Hamdani naye akawa anapita asubuhi ushorobani na ombi lake dogo.

"Leo kuna wageni wa nje, bi mkubwa. Tungeomba usimpe maji hadi waje. Akiwa na kiu anapuliza vizuri."

Bi Leokadia alimpa mumewe maji hivyo hivyo, akijificha kwa khanga. Wakaweka mlinzi dirishani, wa kukaa hadi wageni waondoke.

Bi Leokadia alikwenda Wizarani. Alikaa kwenye benchi hadi alipoitwa na Bwana Hamdani mwenyewe, aliyekuwa amepandishwa cheo kwa ajili ya ubunifu.

"Mume wangu ana vidonda," alisema. "Nanusa kutoka dirishani. Najua harufu ile. Nifungulieni nimgeuze tu, kisha mzibe tena."

Hata yeye alishtuka kusikia kinywa chake kikisema mzibe tena.

"Mume yupi?" Bwana Hamdani aliuliza kwa upole. "Huko ndani pana kifaa, na kifaa hakina mke. Ukishikilia kwamba wewe ni mkewe, itabidi tuulize imekuwaje raia akawa analala na mali ya serikali. Sitaki kukuingiza katika hayo. Nakuheshimu kama mama yangu."

Akarudi kwenye kigoda chake. Alimfikia mumewe mkono, shavu, na kipande cha bega. Akayaosha hayo kila siku, akayapaka mafuta, akijua kwamba vidonda vinaoza pale asipofika. Jumamosi vijana walipocheza uwanjani na kelele zilipofika, alimsimulia mechi kwa kubuni, maana naye hakuwa na pa kuionea. "Amemkwatua," alisema. "Penalti hiyo, au siyo?" Mzee Gervas alifikiri sana, akatikisa kichwa. Si penalti. Hata pale hakukubali kupendelea upande.

Filimbi ikapungua. Mwanzo ilikuwa ya maji na ya msalani, halafu ikawa ile ya kuvuta tu, mchana kutwa, na wageni walipiga makofi hadi viganja vikawavimba.

Asubuhi moja watoto wa shule walipangwa sebuleni, mwalimu akasoma hotuba, akatua, akangoja. Kimya. Akasoma tena kwa sauti kubwa zaidi. Watoto walibaki wameinua mikono hewani, wasijue kama waipigishe au waishushe. Bi Leokadia alipenyeza mkono dirishani akashika mkono aliouzoea. Haukumbana.

Hakulia. Aliuchukua mchi, akapita katikati ya watoto akiwaambia, "Sogeeni, wanangu," akauinua, akaupiga ukuta mdomoni. Akapiga pua, akapiga jicho, akapiga nishani ya ushujaa. Jengo la Mshikamano zima lilisikia, na kila jirani akafungulia redio. Vigae vilivunjika naye akavikanyaga. Alipopata upenyo aliingia kwa magoti, na ndani mle akafanya alilonyimwa muda wote: alimgeuza mumewe. Aliona alichotarajia kuona. Akavua khanga yake akamfunika.

Vumbi halijatua, Bwana Hamdani akawa amesimama mbele ya tundu. Bi Leokadia alitoka na kumnyoshea mikono yote miwili, afungwe. Alitaka afungwe. Alitaka watu waulize sababu.

Bwana Hamdani aliinama, akachungulia ndani, akapima tundu kwa macho, akashusha pumzi.

"Afadhali, bi mkubwa. Tulikuwa tunaumiza vichwa kuhusu jinsi ya kumwingiza mwingine." Akatoa leso akampa. "Wizara itakuandikia shukrani. Na huyu nitamtangaza kuwa chakavu, ili usisumbuliwe kumchukua. Kwa kawaida vifaa chakavu vinakaa ghalani hadi mnada."

*

Mzee Gervas alitolewa kesho yake. Fundi Matei na majirani watatu walijitokeza kubeba jeneza, wakiwa wameambiwa kwamba hairuhusiwi kulia kwenye ngazi za jengo la mfano. Bi Leokadia alitangulia mbele, na alipofika ngazini akasimama.

Ngazi zilikuwa zimejaa watu. Wizara ilikuwa imetangaza redioni nafasi moja ya kazi ya ukutani: chumba bure, chakula bure, na mwombaji awe na mapafu mazima. Foleni ilianzia mlangoni pa flati, ikateremka hadi chini, ikavuka barabara. Wengi walikuwa vijana waliovaa mashati ya kupigwa pasi, wameshika bahasha za vyeti. Baadhi walikuwa wamekuja na filimbi zao na wakizipuliza polepole, kwa mazoezi.

"Tupisheni, jamani," Bi Leokadia alisema.

Walijibanza ukutani kwa adabu, kila mmoja akiacha mguu mmoja pale pale nafasi yake ilipokuwa. Jeneza likapita kwa shida, likiwagusa vifua. Wakavua kofia. Kwenye kona ya ngazi kijana mmoja alimtambua, akainama.

"Shikamoo, mama mkunga. Mimi ni mtoto wa Veneranda. Mama anasema ulinizalisha wewe, usiku wa mvua, nilitanguliza miguu."

"Marahaba, mwanangu. Nakukumbuka."

"Pole kwa msiba." Akapunguza sauti, wenzake wasisikie. "Samahani, mama. Humo ndani, chakula kweli wanaleta?"

Bi Leokadia alimtazama. Alitazama kifua chake kipana, na shati lililopigwa pasi na mtu anayempenda.

"Mimi ndiye niliyekuwa nampikia," alisema. "Ukiipata hiyo nafasi, mwanangu, mwambie mama yako ajiandae kupika."

Kijana alimshukuru sana kwa ushauri, kisha akapanda ngazi moja, maana foleni ilikuwa imeanza kwenda.